Ufunguo alinipa mwenyewe, leo ananiita mwizi

Anti, shikamoo. Nakuandikia saa tisa usiku, baba watoto amelala, na mimi tangu Jumapili usingizi sijui umekwenda wapi.

Mimi si mwizi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo neno nililoitwa mbele ya wanawake 22, hapa hapa Moshi, kwenye kikoba nilichokihangaikia tangu siku ya kwanza.

Nasindika unga wa ndizi. Nachukua ndizi mbichi Kibosho, namenya, nakata, nakausha, nasagisha. Miaka yote nauvusha Holili kidogo kidogo kwenda Taveta, maana kile cheti rahisi cha uasili, cha kuvusha bila ushuru, ni cha mzigo usiozidi dola 2,000, na wangu haujawahi kufika hata nusu. Ndipo akatokea mteja wa Nairobi. Anataka pakiti 600, zenye alama ya ubora ya TBS, zenye barkodi, si mifuko ninayoiziba kwa moto wa mshumaa.

Nikaomba ruzuku ya serikali, ya kutusaidia sisi wadogo tuuze nje. Nikapata! Lakini Anti unajua mambo yao: sehemu yako unatoa kwanza, unapeleka risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, ndipo nao waweke yao. 1,400,000 ningeitoa wapi, na ada za watoto nimetoka kulipa?

Sanduku la kikoba linakaa kwangu, mimi ndiye mweka hazina. Lina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu. Sikuvunja kufuli hata moja. Shoga yangu ndiye mwenye ufunguo wa pili. Wa kwanza aliachiwa yeye shoga, na aliyekuwa akiushika, alipokwenda Dar kumlea binti yake aliyejifungua. Wa tatu aliufuata kwa bibi wa watu akamwambia tunahesabu tu. Hela tulimwaga kitandani kwangu, akahesabu yeye, huku analowesha kidole kwa mate. Akasema, "Kazana mwenzangu, ukifika Nairobi usitusahau." Leo ndiye aliyesimama akasema, "Mwizi ni mwizi tu, hata afungashe unga."

Ni kweli daftarini hatukuandika. Lakini mimi nilikopa, sikuiba. Na kujibu sikuweza, Anti, kwa sababu yule bibi alikuwa amekaa mbele yangu, ananitazama usoni.

Sasa wengine wanadai hata ruzuku ni ya kikundi. Wanaichanganya na zile asilimia 10 za halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Ule ni mkopo, hauna riba ila unarudishwa, na wanapewa vikundi. Hii ni ruzuku, jina ni langu, TIN ni yangu. Hata senti moja siwapi. Ingawa nikikumbuka walivyonichangia nilipofanyiwa upasuaji wa uzazi, kuna saa natamani wachukue yote tu nipumzike.

Jana hela imeingia. Nikiwarudishia 1,400,000 yao, mashine ya kuziba pakiti ninayo lakini ndizi sina cha kununulia, na mteja hasubiri. Nikinunua ndizi, nawalipa kabla ya mgao wa Desemba, tena na riba juu. Baba watoto hajui lolote. Anajua serikali ndiyo iliyotoa kila kitu, na ameshawatangazia ndugu zake mpaka Rombo. Nimwambie, au nirudishe kimya kimya asijue? Lakini nikirudisha kimya, si ndiyo nimekubali kwamba niliiba? Nataka yule aniombe msamaha kwanza, mbele ya hao hao 22. Halafu naogopa, maana akifungua mdomo, ya ufunguo yatatoka, na bibi wa watu ndiye atakayeaibika.

Jumapili ni keshokutwa. Sanduku bado liko chini ya kitanda changu. Hawajalifuata, nami sijalipeleka.