Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: Foleni nzima inajua ninachoumwa, faili langu nanyimwa

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Salaam, na pole kwa majukumu. Nakuandikia kuhusu taarifa za wagonjwa katika zahanati na vituo vya afya vya mkoa huu, vya serikali na vya binafsi. Kwa jinsi mambo yanavyokwenda sasa, taarifa hizo anazisikia kila aliyekaa kwenye benchi, lakini mwenye ugonjwa akiziomba anaonekana msumbufu. Liko ndani ya uwezo wako kulirekebisha hili, na sehemu kubwa haihitaji hata shilingi.

Tatizo linaanzia dirishani, mapokezi. Ukishataja jina, umri, mtaa na namba ya simu, linafuata swali: "Unasumbuliwa na nini?" Karani anauliza kwa sauti ya kushinda watoto wanaolia, na wewe unatakiwa kujibu kwa sauti hiyohiyo maana kuna kioo katikati. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam, lakini zahanati ni ya mtaa. Uliyepanga naye foleni asubuhi ndiye mtakayekutana gengeni jioni. Binti aliyekuja kupima ujauzito atanong'ona. Kijana anayetokwa na usaha sehemu za siri atanong'ona. Wakiambiwa "ongea kwa sauti, sikusikii," watasema wana homa. Homa itaandikwa, na mgonjwa asipopata ujasiri wa kufunguka mbele ya daktari, ataandikiwa kipimo cha malaria na kurudi nyumbani na ugonjwa wake. Ndiyo maana siwezi kukubali anayesema kwamba faragha ni anasa ya hospitali za gharama. Mgonjwa aliyeogopa masikio ya watu hatibiwi kinachomuuma.

Halafu kuna vitabu vya MTUHA, yaani vile vya takwimu za afya ambamo kila mgonjwa huandikwa. Nafahamu umuhimu wake, bila hivyo wizara haiwezi kujua nini kinawasumbua watu wa Temeke au Kigamboni. Ila kitabu kile kinakaa wazi mezani, na kila mstari una mtu: jina, anakoishi, alichogundulika nacho. Anayeandikwa sasa anawasoma wote waliomtangulia. Karatasi moja ngumu ya kufunika mistari ya juu ingetosha.

Wanaoumia zaidi ni wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Wapo wenzetu wanaoiacha kliniki iliyo hatua chache kutoka nyumbani na kupanda daladala mbili kwenda kuchukua dawa wilaya nyingine, kisa asionekane na wa mtaani akiitwa kwa jina kwenye dirisha linalojulikana na kila mtu. Siku nauli ikikosekana, dawa nazo zinakosekana. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya kipimo yawe siri, lakini siri hiyo haitunzwi na bahasha peke yake. Inatunzwa na mpangilio wa viti, na namna ya kumwita mtu, na mlango unaofungwa wakati wa ushauri.

Sasa nigeuze upande wa pili. Mama yangu ana presha na sukari. Alipopewa rufaa kutoka kituo ambacho sitakitaja, niliomba nakala ya vipimo vyake na orodha ya dawa alizowahi kubadilishiwa. Nikaambiwa faili haliruhusiwi kutoka, basi. Sikuwa nimeomba litoke, niliomba nakala. Tulikokwenda wakaanza upya: damu upya, malipo upya, na daktari akimuuliza bibi wa miaka sabini na ushee jina la kidonge alichoacha mwaka juzi. Yeye anakumbuka kwamba kilikuwa cheupe.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumiwaje, kuzipata, na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Inazibana taasisi za umma na za binafsi, na Tume ya kuisimamia ipo. Katiba nayo, Ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu. Kwa hiyo siombi fadhila. Naomba sheria iliyokwishapitishwa ifike mpaka dirishani.

Siwalaumu wauguzi wala makarani. Mmoja anahudumia umati ambao ungestahili watu watatu, na wengi hawajawahi kuelekezwa na yeyote jinsi ya kufanya tofauti. Hata huu mtindo wa kurushiana majibu ya maabara kwa WhatsApp ulizaliwa na nia njema ya kumpunguzia mtu safari. Lakini picha inabaki kwenye simu binafsi ya mtumishi, na simu huibiwa, huuzwa, huchezewa na watoto nyumbani.

Ninachokuomba ni waraka kwa Waganga Wakuu wa halmashauri zote za mkoa. Karani aulize jina na namba ya faili tu, shida ya mgonjwa isubiri chumba cha daktari au muuguzi. Anayepewa rufaa aondoke na muhtasari wa matibabu na nakala za vipimo bila kubembeleza, na anayeomba nakala siku nyingine apewe kwa gharama isiyozidi ya fotokopi. Kila kituo kibandike kwa Kiswahili, pale tunapokaa kusubiri, haki za mgonjwa juu ya taarifa zake, pamoja na cheo na simu ya ofisi ya anayepokea malalamiko. Na timu zako zinapokwenda kwenye usimamizi shirikishi, zisiishie kukagua stoo ya dawa na vitabu. Zikae kwenye benchi la wagonjwa nusu saa, zisikilize zinachokisikia.

Waraka huo ukitoka, tafadhali ubandikwe pia kwenye ofisi za serikali za mitaa, ili nasi tujue cha kudai tukifika dirishani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Mbagala