Barua ya kufunga muhula: vijana wetu wa kiume waliofiwa na wazazi

Dodoma, Juni

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA WANAFUNZI WA KIUME WALIOFIWA NA WAZAZI

Mbukwenyi. Kwa mabibi na mababu mnaolea wajukuu, shikamooni.

Tunafunga shule Ijumaa hii. Kwa jumla muhula umekwenda vizuri. Uji umepikwa karibu kila siku, isipokuwa zile wiki maji yalipokatika, na darasa la saba wanaendelea kujiandaa na mtihani wa taifa wa Septemba. Alama za kila mtoto ziko kwenye ripoti yake, kwa hiyo barua hii nitaitumia kwa jambo moja tu.

Shule yetu iko uswahilini na tunajuana. Binti akifiwa na mama yake, siku ya kuanua matanga ndugu wanakaa kikao: atalala wapi, nani atamnunulia sare, nani atamwangalia. Na ndivyo inavyotakiwa. Kijana wa kiume wa umri uleule anatandikiwa godoro sebuleni, kisha mjomba mmoja anasema, "Huyu mwanaume, atajitafutia." Kikao kimekwisha. Haupiti muda anaanza kuja shule siku mbili kwa wiki. Mwisho mwalimu wa darasa anamkuta Soko la Majengo na gunia la vitunguu begani, au mlimani anagonga kokoto, au anazunguka na kiroba cha vyuma chakavu.

Simlaumu mtoto, wala simlaumu bibi yake. Nyumba yenye bibi anayeuza ubuyu na wajukuu wa kulisha, ile elfu mbili inayoingia jioni ndiyo unga na mafuta. Naijua hesabu hiyo. Ila kuna hesabu nyingine niliyoiona mwenyewe muhula huu, nilipomshikia mwalimu kipindi cha hisabati darasa la tano. Niliuliza kwa mdomo: kilo saba na nusu za chuma, kilo moja shilingi mia nane, jumla ni ngapi? Kijana wa dawati la nyuma, anayeokota skrepa, akajibu "elfu sita" kabla wenzake hawajashika kalamu. Darasa likampigia makofi. Nikaandika swali la namna ileile ubaoni kwa maneno, nikabadilisha kilo na bei tu. Akautazama ubao, akaanza kukwangua kutu kwenye kucha, akanyamaza. Kusoma kulimshinda. Baadaye nikamuuliza kijana huyo jinsi mnunuzi wake anavyoandika mizigo. Akasema, "Anaandika kwenye daftari lake, halafu ananisomea."

Kijana mwenye kichwa cha namna hiyo anaishi kwa kusomewa na mtu anayefaidika akisoma vibaya.

Tangu Serikali ihamie hapa, mji wetu unajengwa usiku na mchana. Nendeni Mtumba, nendeni popote, muone nondo na saruji. Wengi mnaniambia kijana akaanze kama saidia fundi, ufundi ataujulia hukohuko. Wapo wanaofanikiwa, siwezi kukataa. Lakini asiyeweza kusoma ramani wala kukadiria mifuko ya saruji kwa karatasi atabaki kubeba zege wakati mwenzake aliyepita chuo cha ufundi cha VETA anapewa kazi ya kusimamia. Ufundi ninautaka sana kwa vijana hawa, na mitaala iliyoanza 2024 imeleta mkondo wa amali sekondari, ambapo mwanafunzi anasoma na kujifunza fani kwa pamoja. Mlango huo unapitiwa na anayejua kusoma. Sera ya elimu ya sasa inahesabu elimu ya lazima kuwa miaka kumi, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtoto wa miaka kumi na tatu hajamaliza shule hata akiwa na ndevu.

Elimu ya Kujitegemea tumeisikia tangu 1967, na wapo wanaodhani maana yake ni jembe. Bustani yetu ya mchicha inasaidia jikoni, ninaipenda, lakini mchicha haumfundishi mtu kusoma. Kuanzia muhula ujao kutakuwa na saa moja ya kusoma kila siku baada ya vipindi kwa wale waliobaki nyuma, bila malipo, na watakula kwanza. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016. Mchango wa mahindi na maharage ni makubaliano yetu wenyewe, na kamati ya shule imekubali kwamba mtoto yatima hatatolewa kwenye foleni ya uji kwa sababu ya debe ambalo halikufika. Atakayewatoa, mniambie.

Kuhusu kazi za likizo: kumsaidia bibi shambani au kupanga bidhaa gengeni hakuna ubaya. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyoumiza afya wala kuzuia shule, na inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo wale wa mayai ya kuchemsha kwenye vilabu vya pombe usiku, naomba tuelewane.

Likizo hii naomba walezi wa watoto hawa mshughulikie makaratasi. Wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na wengi zaidi hawana cheti cha kifo cha mzazi. Najua cheti cha kifo kinauma kukifuatilia, na kibali cha mazishi kimeshapotea kwenye mkoba wa mtu. Lakini siku kijana huyu atakapoomba mkopo wa chuo kikuu, atatakiwa kuthibitisha kwa cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa Serikali wa kusajili vizazi na vifo, kwamba mzazi wake amefariki. Kilio chetu sote hakitatosha. Anzeni kwa Mtendaji sasa, wakati majirani waliozika bado wapo. Na kama marehemu aliacha kiwanja, hata kibanda cha tope, fungueni mirathi Mahakama ya Mwanzo. Urasimishaji wa makazi, yaani kupima viwanja na kuvimilikisha, ukipita, jina litakaloandikwa ni la atakayekutwa amesimama pale, na nimeona wajomba wakisimama upesi sana. Kiwanja hicho ndicho kingekuwa karo ya chuo.

Walio kwenye TASAF, mfuko wa Serikali wa kusaidia kaya maskini, wakumbuke kwamba ruzuku ya mtoto wa shule inaangalia mahudhurio. Mwalimu hawezi kuandika "yupo" kwa aliyekuwa sokoni, msije kuniomba.

Mafundi wa mtaani, hasa seremala na wachomeleaji: ninaomba wawili au watatu wenu wawapokee vijana wakubwa Jumamosi mchana, wajifunze kupima na kukata, bila kubebeshwa mizigo ya dukani. Tukutane ofisini tuwekeane utaratibu kwa maandishi.

Ripoti zitatolewa Ijumaa kuanzia saa mbili asubuhi, na tarehe ya kufungua shule imeandikwa ukurasa wa mwisho. Mlezi aje mwenyewe, asimtume mtoto wa jirani. Ambaye asubuhi yuko sokoni, aje jioni akifunga biashara. Ofisi itakuwa wazi hadi saa kumi na mbili. Sare zilizotumika bado ziko stoo, hasa kaptula kubwa. Njooni mchague.

Wenu katika kazi,

Mwalimu Mkuu