Mdogo wangu, kujinyima hakutakuponya

Mdogo wangu,

Juzi kwenye simu ulisema umeshakuwa teja wa chakula, na dawa yako ni kuacha tu, kama mlevi anavyoacha pombe. Ukakata kabla sijajibu. Nakujibu hapa kwa sababu wenye shida hii mko wengi, na jina lako sitalitaja.

Kuna sehemu nakubaliana nawe. Hali ya kuonja kidogo ukashindwa kusimama ipo kweli, na wataalamu wanaichunguza. Mwaka 2009 Ashley Gearhardt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitunga dodoso la kuipima kwa kufuata vigezo vya uraibu wa dawa za kulevya: hamu isiyotulia, kushindwa kupunguza, kuendelea hata madhara ukiyaona. Vyakula vinavyotajwa zaidi ni vya viwandani na vya kukaanga, vyenye mafuta mengi pamoja na sukari au wanga uliokobolewa. Ndiyo maana hujawahi kulalamika kwamba mlenda umekushinda. Kinachokushinda ni chipsi mayai.

Lakini mwongozo wa magonjwa ya akili uliotolewa Marekani mwaka 2013 haukuuingiza uraibu wa chakula. Uliingiza ugonjwa wa kubugia: mtu anakula chakula kingi kwa muda mfupi na hawezi kujizuia, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Anakula harakaharaka, anakula bila njaa, anajificha kwa aibu, akimaliza anajichukia. Wengi wenye ugonjwa huu wakijaza dodoso la Yale huonekana waraibu pia, na wanaojitapisha baada ya kula vilevile. Kwa hiyo sikuambii unajidanganya. Ninachopinga ni dawa uliyojiandikia.

Pombe mtu anaweza asiiguse mpaka anaingia kaburini. Chakula je? Wewe asubuhi chai ya rangi, mchana maji, jioni ugali ukiwa mezani unasema umeshiba. Kwaresma hakuna aliyekuuliza. Pasaka imepita, bado unafunga. Ikifika saa nne usiku mlango unafungwa, mfuko wa chipsi unafunguliwa kitandani, unakula kwa vidole maana ukifuata uma jikoni utaonekana. Ile shuka yenye mafuta niliifua mimi. Kesho yake unajiadhibu kwa kushinda njaa tena, na usiku unarudi palepale.

Mwaka 1944 na 1945, kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula kwa miezi sita vijana 36 wa kiume waliojitolea, wazima wa mwili na akili. Wakawa wanawaza chakula mchana kutwa, wengine wakikusanya vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula, baadhi yao walikula mpaka wakaumwa na bado hawakuridhika. Njaa iliwafanya hivyo, mdogo wangu. Hawakuwa waroho.

Ndiyo maana tiba ya kubugia huanza kwa kula: milo mitatu, vitafunwa katikati, usikae zaidi ya masaa manne hivi bila kitu tumboni. Huku unakaa na mtaalamu mnachambua mawazo na mazoea yanayokupeleka kwenye ule mfuko. Wapo wanaoamini kuna watu wanaosaidika wakiepuka vyakula fulani, na hilo linaendelea kujadiliwa. Kwa mtu ambaye tayari anajinyima kama wewe, marufuku nyingine mimi naiogopa.

Na kama unajitapisha au unameza dawa za kuharisha, hilo lisisubiri hata wiki. Madini ya potasiamu yakishuka mwilini kwa ajili hiyo, mapigo ya moyo yanavurugika, hata kama kwa nje unaonekana mzima. Nyumbani wanakuona umenawiri, hawajui kwamba ugonjwa huu haungoji mtu akonde.

Najua hapa Dodoma ukitaja Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, watu wanaangaliana. Lakini si kila anayeingia pale analazwa. Unaonana na mtaalamu, mnazungumza, unarudi nyumbani. Ukiona uzito, tuanze na daktari wa hospitali ya mkoa, naye atatuelekeza. Jumamosi mchana nakuja. Tule kwanza, mezani, mimi na wewe, halafu tupange siku ya kwenda. Nani nyumbani aambiwe na nani asiambiwe, utaamua wewe.

Dada yako