Barua kwa mwanangu: manowari iliyobadili bendera

Binti yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi hapa Tanga hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Uliniuliza kwenye simu: zamani za matanga, manowari ikitekwa vitani ilikuwa inachomwa, au iliendelea na kazi? Nikakwambia jibu lake ni refu. Basi nakupa habari za moja tu, Duguay-Trouin ya Wafaransa, kwa sababu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na mwisho wake unaniuma mpaka leo.

Iliundwa Rochefort, Ufaransa, ikashushwa majini Machi 1800. Urefu karibu mita 55, sitaha mbili za mizinga, mizinga 74, watu zaidi ya 600 ndani yake. Ilipewa jina la nahodha wa Saint-Malo aliyepata sifa kwa kuteka meli za Waingereza.

Kazi yake ya mwanzo haikuwa ya kujivunia, na sitaki uipende bila kuijua. Napoleon alikuwa amepeleka jeshi Saint-Domingue, Haiti ya leo, kuwarudisha chini ya amri yake watu weusi waliokwisha kujikomboa utumwani. Julai 1803 manowari yetu ilikuwa Cap-Français, bandari ya huko, Waingereza wamefunga bahari na wapiganaji wa Dessalines, kiongozi wa watu weusi hao, wameshika nchi kavu. Ilichomoka pamoja na manowari nyingine ya Kifaransa, Duquesne. Mwenzake akakamatwa, yenyewe ikaponyoka hadi Hispania. Januari 1, 1804, Haiti ikatangaza uhuru wake.

Oktoba 21, 1805 ilikuwa Trafalgar, pwani ya Hispania, pale Waingereza wa Admirali Nelson walipowashinda Wafaransa na Wahispania. Ilikuwa katika kundi la mbele la Admirali Dumanoir. Upepo ulikuwa hafifu, kugeuka ili kurudi kwenye mapigano kukachukua muda mrefu, na kundi lilipofika vita vilikuwa vimekwisha kupotea. Meli nne zikaondoka. Wengi wanamlaumu Dumanoir. Mimi naona anastahili kuhurumiwa kidogo, maana kugeuza chombo kizito vile pasipo upepo si jambo la amri tu. Siku 14 baadaye, Novemba 4, kikosi cha Mwingereza Sir Richard Strachan kikazifikia karibu na rasi ya Ortegal, kaskazini mwa Hispania, kikaziteka zote nne. Nahodha Touffet wa Duguay-Trouin aliuawa. Milingoti ilikuwa imechanwachanwa na risasi hata inayumba, na bendera ikashushwa.

Sasa ndipo swali lako linapoanza kujibiwa. Kushusha bendera kulikuwa kusalimu amri. Hapo mshindi alipeleka afisa na mabaharia wake kushika usukani na kupiga pampu, wale wa mwanzo wakawa mateka, na chombo kikapelekwa bandari ya mshindi. Hii ilipelekwa Plymouth. Mahakama ya ngawira ilitazama kama kimetekwa kihalali. Kikishahukumiwa, serikali ilikinunua, na fedha zikagawanywa kwa mafungu: nahodha akapata fungu nono, mabaharia wa kawaida wakagawana fungu moja kwa mamia yao. Nani angechoma mali kama hiyo? Manowari ya mizinga 74 ilimeza maelfu ya mialoni na miaka ya kazi. Tena Waingereza waliyapenda sana maumbo ya Kifaransa, kwa kuwa yalikwenda mbio.

Kulikuwa na mengi ya kubadili. Mizinga mikubwa ya Kifaransa ilirusha risasi za ratili 36, na ratili yao ilikuwa nzito kuliko ya Waingereza, ambao walitumia risasi za 32. Risasi za ghala la Plymouth zisingeifaa, kwa hiyo ikapewa mizinga ya Kiingereza. Jina nalo likabadilishwa, ikawa Implacable. Lakini mkuku na mataruma, yaani uti wa chombo na mbavu zake, vilibaki vile vile vya mafundi wa Rochefort, ambao majina yao hayatajwi popote anapotajwa Strachan. Hilo halinipendezi.

Agosti 1808, katika bahari ya Baltiki, mbio zake zilionekana. Urusi ilikuwa upande wa Napoleon wakati huo, Waingereza wakiwasaidia Waswidi. Implacable na manowari nyingine ya Kiingereza, Centaur, ziliwaacha Waswidi nyuma kabisa, zikawafikia Warusi peke yao. Chini ya Nahodha Thomas Byam Martin, Implacable iliipiga manowari ya Kirusi, Vsevolod, kwa karibu mno, ikapoteza watu 6 waliokufa na 26 waliojeruhiwa. Vsevolod ilikwama kwenye kina kifupi, Centaur ikaimaliza, kisha Vsevolod hiyo ikachomwa kwa kuwa haikuweza kunasuliwa. Fikiria: chombo cha Ufaransa kinawapiga marafiki wa Ufaransa.

Mwaka 1840 ilikuwa kwenye vita vya pwani ya Syria, kisha ikapumzishwa. Kuanzia 1855 wavulana walifundishwa ubaharia ndani yake huko Devonport. Mwaka 1912 alikabidhiwa Bwana Wheatley Cobb, aliyeitunza Falmouth kwa ajili ya vijana mpaka alipofariki. Baadaye, Portsmouth, ilifungwa pamoja na manowari Trincomalee, iliyoundwa Bombay kwa msaji, mti unaostahimili maji kuliko mwaloni. Trincomalee ingali ikielea hadi leo, Hartlepool. (Sayyid Said naye alikuwa na manowari ya mizinga 74 iliyoundwa Bombay, Liverpool. Mwaka 1836 aliitoa zawadi kwa mfalme wa Uingereza, ikaitwa Imaum. Ilibadili bendera bila risasi hata moja.)

Baada ya vita kuu ya pili, Implacable ilikuwa imeoza. Ufaransa iliulizwa kama inaitaka, haikuichukua. Uingereza ilikuwa na miji ya kujenga upya, na fedha hazikupatikana. Hayo nayaelewa, lakini bado nasema lilikuwa kosa: ukiacha Victory, manowari ya Nelson, hakuna nyingine ya Trafalgar iliyokuwa imebaki duniani. Desemba 2, 1949 ilivutwa hadi nje ya kisiwa cha Wight, bendera ya Ufaransa na ya Uingereza zikipepea pamoja, ikalipuliwa. Haikukubali kuzama upesi. Ilikuwa na umri wa miaka 149.

Uchungu wa siku ile haukupita bure. Frank Carr, mkuu wa Makumbusho ya Taifa ya Bahari huko Greenwich, akapigania Cutty Sark, meli ya matanga iliyobeba chai zamani, isipatwe na yale yale, na leo unaweza kupanda juu yake. Shetri ya Implacable, yaani sehemu yake ya nyuma, na sanamu ya omoni, mbele kabisa, ziling'olewa kabla haijazamishwa, zikawekwa katika makumbusho hayo. Kuingia ni bure. Nenda Jumamosi moja, mama, uitazame ile shetri kwa utulivu, kisha uniandikie jinsi mbao zake zilivyochongwa na kuunganishwa. Picha peke yake haitanitosha.

Wako,
Baba