Shukrani kwa Aliyenisaidia Kuthibitisha Uhalisi wa Jaguar E-Type

Natoa shukrani zangu za dhati kwa mtaalamu ambaye, kwa kuheshimu ombi lake, sitamtaja jina, kwa msaada alionipa wa kuthibitisha jinsi Jaguar E-Type yangu ya mwaka 1964, gari la michezo, ilivyotoka kiwandani Coventry, Uingereza. Mwaka huo una utata wake, kwa kuwa ndipo injini ya lita 3.8 ilipoipisha ile ya lita 4.2, iliyokuja na giaboksi yenye sinkronaiza (kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia ili ziingie bila kukwaruzana) hata kwenye gia ya kwanza. Hivyo mwaka wa usajili peke yake hauthibitishi mengi.

Alinishauri nisitegemee kibati cha kiwanda chenye namba za utambulisho wa gari (si kile cha usajili), maana kibati hutengenezwa upya kwa urahisi mno, bali nilinganishe namba za chasi, injini, bodi na giaboksi na zile zilizogongwa kwenye chuma chenyewe. Ni yeye aliyenieleza kwamba namba ya injini hugongwa kwenye bloku (mwili wa injini) na pia kwenye silinda hedi (kifuniko chake cha juu), na kwamba tarakimu inayofuata alama ya mkwaju (/), 8 au 9, huonyesha uwiano wa mgandamizo, yaani kiasi ambacho injini hubana mchanganyiko wa hewa na mafuta. Chini ya tabaka la grisi iliyokauka, 9 ile ilisomeka bila shida.

Cheti cha kumbukumbu kutoka Jaguar Daimler Heritage Trust, taasisi inayotunza kumbukumbu za magari ya Jaguar, kiliafikiana na namba zote nne. Rangi tu ndiyo iliyotofautiana: gari lilitoka kiwandani likiwa jeusi, si jekundu kama muuzaji alivyonihakikishia. Ndugu yangu, asante sana kwa subira yako, na kwa kukataa malipo yoyote.