Chembe cha kukunjuka si bora kwa kila upinde

Mhariri,

Makala yenu kuhusu uwindaji wa mishale huko Marekani na Afrika Kusini ilisifu mno vyembe vya kukunjuka, yaani vichwa vya mshale ambavyo makali yake hufunguka vikimpiga mnyama. Huku Malindi, jirani na Wawaata, jamii ya wawindaji waliosifika kwa pinde nzito kuvuta, jambo hili linastahili maelezo kamili.

Chembe cha kukunjuka huruka makali yakiwa yamefumbwa, kwa hiyo upepo hauna pa kukamata. Lakini kuyafungua hula nguvu ya mshale. Upinde ukiwa na uvutano (nguvu ya kuuvuta) chini ya ratili 50, mshale huweza kukwama kabla ya kufika mapafuni, mnyama akatoroka na jeraha. Huo ni ukatili. Akipigwa kwa mshazari, kali moja hutangulia kufunguka na mshale hupinda njia.

Chembe cha makali yasiyosogea hakina cha kukwama, na hustahimili mfupa vizuri zaidi. Ugumu wake ni kulenga: makali hushika hewa kama mabawa na kufichua kila kasoro ya upinde. Piga kwanza kwa ncha za mazoezi zisizo na makali, kisha kwa vyembe vya uzito uleule, tuseme gramu 6.5. Vyembe vikiangukia kushoto kwa ncha za mazoezi, sogeza kulia kiegemeo, yaani kifaa cha upinde kinachoshikilia mshale, milimita moja au pungufu, upige tena. Zungusha mshale pia. Ncha ikiyumba, chembe hakikukaa sawa kwenye uti wa mshale.

Kwa pinde nyepesi, makala ingependekeza makali yasiyosogea. Tena ingetaja kwamba Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977.

Msomaji, Malindi