Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Metali Nzito katika Samaki wa Ghuba ya Winam

Wanachama wenzangu,

Hesabu za fedha mmeshazipata kwa mweka hazina, sizirudii. Mwaka huu wateja wametuuliza zaidi kuhusu risasi na zebaki katika samaki wa ghuba yetu hii ya Ziwa Victoria, basi taarifa yangu ni ya hizo.

Metali hizi hazina tabia moja. Zebaki ikituama kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, ambayo hukaa katika nyama na kuzidi kila samaki anapomla mwenzake. Ndiyo maana mbuta (sangara) mkubwa hubeba nyingi kuliko ngege (sato). Risasi hujilimbikiza zaidi kwenye mifupa na matamvua, na kadimi, metali nyingine nzito, kwenye ini na figo. Mbuta tunamla minofu. Omena (dagaa) tunamla mzima, mifupa na matumbo. Kwangu mimi wa kuchungwa kwanza ni omena, ijapokuwa kelele zote ni za mbuta.

Tena omena huchafukia nchi kavu. Akianikwa chini kando ya barabara au gereji, vumbi humganda, na kuosha hakulitoi lote. Tumieni vichanja vya wavu vinavyofika kiunoni. Na kuyeyusha risasi ya betri kuukuu ufukweni ili kupata chubwi za nyavu kukome: vumbi la moshi wake huangukia palepale tunapoanika.

Kuhusu sampuli, Mto Kisat wa Kisumu hupita eneo la viwanda kabla ya kuingia ghubani. Chukueni maji na tope mlangoni mwake, na mengine mbali ya kulinganisha. Maji ya kupimwa metali zilizoyeyuka huchujwa kwanza kwa chujio la maikromita 0.45, ndipo hutiwa asidi ya nitriki hadi pH, yaani kipimo cha uchachu, iwe chini ya 2. Ukitanguliza asidi, metali zilizoshikamana na udongo huachia, na jibu hupanda kwa uongo. Ndoo ya mabati msiiguse. Itawapa zinki yake yenyewe. Nyama ikatwe mgongoni bila ngozi, na urefu na uzito wa samaki uandikwe, la sivyo mbuta mzee atalinganishwa na kinda.

Majibu yakirudi, ulizeni: ni kwa uzito wa mbichi au wa mkavu? Kiwango cha juu cha risasi cha Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, miligramu 0.3 kwa kilo, ni cha samaki mbichi. Kwa nyama yenye maji asilimia 80, miligramu 1 kwa kilo ya mkavu ni 0.2 tu ya mbichi. Wasiouliza hutangaza sumu isiyokuwepo. Omena wa sokoni bado ana unyevu kidogo, hivyo maabara iupime huo pia kabla ya kugeuza hesabu.

Gharama ya vichanja ipo kwenye ajenda ya nne.